Nchi Aliyoikimbia Mama

Siku hiyo Nyakanazi ilikuwa imefurika malori mpaka bodaboda walikuwa wanapita kwa kunyata. Njiapanda ile haijui Jumapili wala sikukuu. Huyu anachoma mahindi, yule ananadi ndizi mbivu kwenye madirisha ya mabasi, na madereva wa masafa marefu wanashuka kwenye magari yao wakijinyoosha migongo na kuulizia chakula cha moto. Ndani ya mgahawa wa mama Avelina hapakuwa na kiti kitupu. Irambona, sketi ya kitenge cha njano imemkaa sawasawa kiunoni na nywele kasuka twende kilioni, alikuwa akizunguka na chupa ya chai tangu asubuhi, na miguu ilikwisha kuanza kulalamika. Hapo ndipo alipomwona kijana wa meza ya kona akijichotea sukari. Akachota, akachota tena, akachota mpaka bakuli likabaki linaonyesha meno, na mwenyewe hana habari.

"Kaka, hiyo ni chai au unapika uji?"

Kijana akainua uso. Alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, na shati lake la rangi ya udongo lilikuwa limenyooka utafikiri halikulala ndani ya lori.

"Nisamehe, dada. Mimi natoka Burundi. Nakunywa na ya wiki ijayo kabisa."

Meza nzima ikacheka. Irambona naye kicheko kilimtoka kabla hajakizuia, kisha udadisi ukamshika. Burundi! Pale njiapanda habari za Burundi zilikuwa nyingi kuliko nzi. Kwamba wakubwa wa dunia waliinunia, kwamba hata jirani yake mmoja hasalimiani naye, kwamba mafuta na sukari hakuna. Hayo yalisikika redioni. Yaliyobaki, watu wa Nyakanazi, ambao wengi hawajafika hata Kabanga mpakani, walijimalizia wenyewe. Na Irambona alikuwa na sababu yake ya kutaka kujua, ila hiyo hakuisema.

"Hivi ni kweli kwenu jua likizama hakuna ruhusa ya kutoka hata kwenda msalani?"

"Kweli kabisa."

"Na simu zote zinasikilizwa?"

"Zote. Kuna bwana mmoja kazi yake ni kusikiliza watu wakitongozana. Amekonda, maskini."

"Mh! Na ni kweli mtu akicheka hovyo anakamatwa?"

"Si hovyo tu. Kucheka baada ya chakula cha mchana lazima uombe kibali kwa mjumbe."

"We! Na kulia?"

"Kulia ni bure."

Alisema hayo uso mkavu kama wa padri kwenye kitubio. Irambona akaweka mkono kifuani, "Poleni jamani," na machozi yakataka kumlenga. Mara akaona mabega ya yule kijana yanatikisika.

"Kumbe unanicheza shere!"

"Wewe ndiye uliyeanza, dada. Umeniulizia nchi yangu kama mtu anayeulizia kuzimu."

Irambona aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Mara mwenzake wa kazi, Auleria, binti wa Kihangaza kutoka Mabawe mwenye sauti ya kuita ng'ombe, akapaza kutoka jikoni: "Irambona! Wali wa dirishani unapoa!"

Kijana akaacha kucheka. "Irambona? 'Mungu ananiona.' Hilo ni jina la kwetu."

"Ni jina tu," alisema Irambona, akageuka haraka na chupa yake ya chai.

Lakini alipopita tena kufuta meza, kijana alikuwa bado hajaondoka ingawa wenzake walikwisha kuwasha injini. Jina lake Matiasi Habonimana, wa Muyinga, dereva wa lori la saruji. Akaomba namba. Irambona akakataa. Akaomba tena, akisema ni kwa ajili ya kuomba radhi kuhusu sukari. Basi akapewa, na kwa taarifa yako, ile radhi hakuiomba mpaka leo.

Hivyo ndivyo yalivyoanza. Kila lori lilipopanda au kushuka, simu iliita.

"Malkia wa Nyakanazi, umeamkaje?"

"Salama, mzee wa sukari. Umefika wapi?"

"Nimeipita Ngara, naiona Kabanga kwa mbele. Simu ikikata ujue nimeingia kuzimu."

"Ukifika nisalimie mashetani."

"Wanakuulizia kila siku. Wanasema, huyo laazizi wako atakuja lini?"

Siku moja, wakiwa wamekaa kwenye kivuli cha lori wanakula mahindi, Irambona alimuuliza bila utani. "Niambie kweli, Mati. Kukoje?"

Matiasi akatafuna kwanza. "Mafuta hayapo, hiyo ni kweli. Nimewahi kukaa kwenye foleni ya kituo mpaka mimi na wenzangu wa foleni tukawa ndugu. Sukari, umeniona mwenyewe. Na yapo mambo ambayo mtu hayasemi kwa sauti kubwa, sitakudanganya. Lakini watu wanaoana, Ira. Wanabatiza watoto. Jumapili ukichelewa kanisani unasimama. Mama yangu sasa hivi yuko kwenye ugomvi na jirani kwa sababu ya mbuzi. Watu wakisikia Burundi wanadhani sisi tunaamka asubuhi tukifanya kazi ya kuwa na shida, basi."

"Na nyie mnasemaje kuhusu sisi?"

"Mama anasema Tanzania wanawake wanawapiga waume zao."

"Hiyo ni kweli," alisema Irambona, akampiga na gunzi la mahindi.

Hapo ndipo alipomweleza. Mama yake, Selestina, alikuwa Mrundi. Alivuka mto Ruvubu akiwa msichana, mwaka ule wa vita, akafika Ngara akiwa na nguo aliyoivaa tu. Akaolewa na Msukuma mmoja mpole aitwaye Bulugu, aliyekuwa amehamia Nemba, Biharamulo, kutafuta shamba. Bulugu alikwisha kufariki. Walibaki wawili, mama na binti, kwenye nyumba ya bati na shamba la mihogo. Kirundi kilisemwa ndani, mlango ukiwa umefungwa. Nje, kamwe.

"Na anaisemaje nchi yetu?" Matiasi aliuliza.

Irambona akaliokota lile gunzi. Angesema nini? Kwamba maneno yote aliyomuuliza siku ya kwanza, hakuyaokota njiapanda bali aliyanyonya pamoja na maziwa ya mama?

Maana Selestina, msikieni, alikuwa mama mwema, mcha Mungu, mpishi hodari, lakini kwake yeye saa ilisimama siku aliyovuka mto. Saa kumi na mbili jioni mlango unapigwa komeo, hata kama majirani bado wanacheza bao nje. Viatu vinalala vimeelekea mlangoni. Kule, alisema, mtu hutoka kuchota maji na ndoo ikarudishwa na mtu mwingine. Kule jirani anakupa maharage mchana na jioni anakuonyesha kwa kidole. Hakusema "zamani". Alisema "kule", kana kwamba mambo hayo yanatokea saa hii, nyuma tu ya vilima vya Ngara. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Selestina alishtuka kila siku ya Mungu kwa zaidi ya miaka thelathini.

Kwa hiyo Irambona alipopiga magoti jikoni na kumwambia kuna kijana, ni Mrundi, na anataka kuja kujitambulisha, alijiandaa kwa kilio. Selestina aliendelea kuchambua maharage. Alipoinua uso, ulikuwa umetulia.

"Waje," alisema.

Basi Irambona akaruka kwa furaha mpaka akamwaga maharage.

*

Wakaja Jumamosi, Matiasi na baba yake mkubwa, mzee Niragira, pamoja na shangazi mmoja mnyamavu. Mzee alivaa koti zito na kofia ya kijivu, na alishuka garini polepole akiangalia huku na huku kama mtu aliyeingia ua wenye mbwa. Irambona alivaa gauni la kitenge cha zambarau, mikono ya puto, na shanga ndogo shingoni. Matiasi alipomwona alisahau kusalimia watu mpaka akakanyagwa mguu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni," alisema Selestina kwa Kiswahili kikavu.

Sala ikasaliwa. Habari za mvua na mihogo zikaulizwa. Ukafika wakati wa kinywaji. Deodata, jirani yao wa jumuiya, alikuwa amepika rubisi, pombe ya ndizi, ikatoka tamu ya kumfanya mtu asahau deni. Irambona aliichuja, akaimimina kwenye glasi alizoazima kazini, akazipanga kwenye sinia lenye kitambaa cheupe. Alitaka wageni waone kwamba hapa wamefika kwa watu wanaojua kuhudumia. Akapiga magoti mbele ya mzee Niragira, akampa glasi kwa mikono miwili, akarudi nyuma hatua chache na kusimama wima, mikono mbele, akitabasamu. Ndivyo mama Avelina alivyowafundisha.

Mzee alishika glasi. Hakunywa. Akamtazama Irambona kama anayengoja kitu. Akamtazama Selestina. Selestina alikuwa anatazama uani, ambako hapakuwa na kitu ila jogoo.

Muda ukapita. Mzee akaiweka glasi chini. Shangazi akaiweka yake. Matiasi alikwisha kuinua yake, mzee akakohoa, naye akaishusha, uso umemshuka. Nzi wa kwanza akatua kwenye ukingo wa glasi na hakuna aliyemfukuza.

"Karibuni jamani," alisema Deodata, kicheko kikimkwama. "Au pombe ya Watanzania haipandi?"

"Tumeshiba, mama," alijibu mzee Niragira kwa upole wa kutisha. "Tunashukuru. Safari ni ndefu."

Wakaondoka kabla chakula hakijaiva. Kuku wawili walikuwa chunguni! Matiasi alimgeukia Irambona mara moja tu mlangoni. Vumbi la gari lilipotulia, Deodata akapiga makofi ya kukata tamaa. "Mmewaona? Wamekuja mpaka hapa kututemea mate. Lisemwalo lipo!"

Simu ikaita jioni ile ile. Irambona alikimbilia migombani nayo.

"Ira, kwa nini hamkuonja?" Matiasi alikuwa anahema.

"Kuonja nini?"

"Pombe! Anayekupa kinywaji anaonja kwanza, mgeni aone. Kila mtu anajua hilo. Baba mkubwa alikuja roho mkononi. Huko kwetu wazee wanasema waliokimbia hawajasamehe, watatumaliza kwenye glasi. Nimemshawishi wiki nzima kwamba ni uzushi. Anafika, anapewa glasi, hakuna aliyeigusa!"

"Mati, mimi nafanya kazi ya mgahawa! Ukionja kinywaji cha mteja unafukuzwa siku hiyo hiyo!"

"Wewe hukujua, sawa. Lakini mama yako ni wa kwetu. Yeye anajua."

"Kwa hiyo mama yangu ni mchawi?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema! Mmekataa pombe yetu, mmetuacha na aibu kijiji kizima, sasa unamgusa mama yangu? Kumbe ni kweli yanayosemwa juu yenu. Watu wa kushukiana nyie!"

Maneno yale yalipomtoka alitamani kuyameza. "Sawa, Ira," alisema Matiasi taratibu, na simu ikakatika. Irambona alipopiga kesho yake haikupatikana. Wala keshokutwa. Wala wiki iliyofuata.

*

Sasa hebu fikiria nyumba ndogo ambayo mlango unafungwa jua likiwa bado juu ya migomba.

"Nyakanazi basi," Selestina alikuwa amesema. "Umeonekana huko, umetamaniwa huko. Jembe lipo." Irambona akaacha kazi. Asubuhi shambani, mchana jikoni, saa kumi na mbili komeo. Selestina alihamishia mkeka wake karibu na mlango, akisema ndani kuna joto. Binti mtu mzima, na ili atoke nje ilimbidi amruke mama yake. Alizunguka ndani ya kuta zile akihisi zinamsogelea. Moyo ulimuuma, ulimuuma hasa, na hakukuwa na pa kuupeleka.

Na maneno yakawa yanaingia kupitia dirishani. Deodata alisikia kwamba anayefanya biashara na Watanzania kule anapelekwa asikojulikana. Mwingine akasema kijana ana mke na watoto Muyinga. Mwingine akasema wamemnyang'anya lori na kumtia jeshini. Irambona, ambaye alikwisha kuchekwa mara moja kwa kuamini kila kitu, akaanza tena kuamini kila kitu. Usiku alimwona Matiasi amefungwa. Asubuhi alimwona amekumbatia mwanamke mwingine. Hakujua ndoto ipi ilimwuma zaidi.

Selestina alimpikia binti yake vyakula anavyovipenda, akamsuka nywele, akamwita "mwanangu" mara nyingi kuliko kawaida.

Halafu siku moja mchana, Auleria akashuka kwenye bodaboda, mwavuli mwekundu mkononi, akamkuta Irambona anamenya mihogo nyuma ya nyumba.

"Mwone alivyokonda! Shoga, unajimaliza kwa ajili ya mtu ambaye yuko kwenye foleni!"

"Foleni gani?"

"Ya mafuta! Dereva mwenzake kanipa habari. Lori limekauka Muyinga, Matiasi yupo kituoni siku zote hizi, akiondoka anapoteza nafasi. Laini yake ya Tanzania huko haishiki. Ametuma namba ya huko, hii hapa. Hana mke, hana jeshi, ana ndevu tu."

Irambona akaangua kilio na kicheko kwa pamoja. Kisha akakumbuka, akajifuta. "Walitudharau, Auleria. Ati kwa sababu hatukuonja pombe. Kisingizio gani hicho?"

Auleria akaacha kutabasamu. "Hamkuonja?"

"Kwani?"

"Shoga! Hata kwetu Mabawe bibi hampi mgeni pombe bila kuonja. Mgeni akiondoka na kiu, huyo ni adui mpaka Pasaka. Mimi nilidhani unajua. Mama yako hakukwambia?"

Kisu kikasimama kwenye muhogo. Irambona alikuwa anamwona mama yake, siku ile, akitazama jogoo.

*

Selestina alikuwa jikoni. Irambona alisimama mlangoni, hakupiga magoti.

"Mama, ulijua."

Selestina hakujifanya haelewi. Alifunika chungu, akakaa juu ya kigoda. "Nilijua," alisema. "Nilimwona yule mzee anasubiri. Nilichotakiwa kufanya ni kunyanyuka na kulowesha midomo tu. Nikajizuia."

"Kwa nini uliwaita, basi?"

"Kwa sababu ningekukataza ungetoroka. Nilitaka waondoke wenyewe."

Irambona angeweza kupiga kelele. Lakini mama yake alikuwa ameshaanza kusema, kwa Kirundi, na mlango ukiwa wazi.

"Tulitoka nyumbani watu wengi, Ira. Nilipofika Ngara nilikuwa peke yangu. Nchi ile haijawahi kunirudishia mtu hata mmoja. Nami nichukue niliyebaki naye nimpeleke kwa mikono yangu?"

"Vita ile iliisha nikiwa mtoto, mama."

"Kwangu haijaisha."

"Najua haijaisha. Ndiyo maana tunafunga mlango saa kumi na mbili. Wewe ulikuwa kule ukatoka. Mimi sijawahi kufika, na bado nimefungwa humo humo na wewe."

Selestina akajishika mdomo. Walilia, kila mtu upande wake wa moto, na maharage yakaungua bila mtu kuyajali. Mwisho Irambona akasogea, akamshika mama yake mikono.

"Nitakwenda kuonyeshwa kwao, mama. Auleria atanisindikiza. Ningeweza kuondoka ukiwa shambani, lakini mimi si mwizi. Nataka unifikishe Kabanga wewe mwenyewe."

"Sijawahi kuusogelea ule mpaka tangu nilipokuja."

"Najua."

Selestina akainuka, akaenda kukitoa sandukuni kitenge chake cha Krismasi. Irambona akatoka na simu ya Auleria, akapiga ile namba. Iliita mara moja tu.

"Mati."

"Ira! Ira wangu! Jamani nyamazeni, ni yeye!" Nyuma yake zilisikika honi na wanaume wanapiga miluzi.

"Nisamehe. Nilikutukana, wewe na watu wako."

"Nami nilimgusa mama. Yaishe. Ndagukunda, nakupenda, unasikia? Hawa madereva wenzangu wamechoka kulisikia jina lako. Wananiambia niulize sasa hivi, mbele yao."

"Uliza."

"Utanikubali, na foleni yangu, na ndevu zangu?"

Irambona akafumba macho. "Nakubali. Lakini baba yako mkubwa aje Kabanga. Mama yangu ana neno la kumwambia."

Kelele zilizotoka kwenye simu zilimfanya Auleria aruke.

*

Wiki iliyofuata walisimama Kabanga, kati ya malori na wabadilisha fedha, upepo wa vilimani ukipeperusha vitenge. Selestina alivaa kile cha Krismasi, kijani kibichi, na kilemba chake. Sasa alikuwa anatazama ng'ambo. Vilima vilikuwa vimelimwa mpaka kileleni. Mwanamke alikuwa anapalilia. Watoto wa shule walikuwa wanakimbizana barabarani, mmoja kiatu mkononi.

"Ndiko kule?" aliuliza.

"Ndiko, mama."

"Mbona..." alianza, akaacha.

Mzee Niragira alivuka akiwa na Matiasi nyuma yake, ndevu zimenyolewa, shati limenyooka. Mzee akavua kofia. "Amahoro, mama."

"Amahoro," alijibu Selestina, kwa Kirundi, hadharani, na watu wakipita. "Mzee, siku ile nilijua cha kufanya. Nilinyamaza makusudi. Binti yangu hana kosa. Nilikuogopa."

Mzee akainamisha kichwa. "Nami nilikuja kwako na woga wangu kifuani. Nilidhani waliokimbia wote wanatunolea visu. Tumeogopana bure, mama, na watoto nusura walipe." Kisha akauliza kama wazee wa kule, ambako kila kilima ni kijiji, wanavyoulizana, "Wewe ni wa kilima gani?"

Selestina akataja jina, kwa sauti ndogo. Irambona alikuwa hajawahi kulisikia.

"Nakifahamu," alisema mzee. "Kina zahanati sasa. Wanalima kahawa."

Selestina akaitikia kwa kichwa mara nyingi, kama mtu anayeambiwa habari za mtoto aliyedhani amekufa.

"Twende basi, mama," Irambona akamnong'oneza. "Ufike tu pale."

"Hapana. Miguu imekataa. Usinivute mbele za watu." Akamwachia mkono, kidole kimoja baada ya kingine. "Nenda. Nikikuona umefika ng'ambo nitageuza."

Irambona akaenda. Auleria alishika karatasi zao, Matiasi akachukua begi. "Karibu kuzimu, laazizi," alisema kwa sauti ya chini, lakini Irambona hakuweza kucheka. Kila hatua ilimrarua. Alikuwa anatoka kifungoni, na aliyebaki ndani alikuwa mama yake.

Alipofika kwenye kizuizi akageuka. Selestina alikuwa bado amesimama pale pale, mdogo, kijani, katikati ya malori. Alijifuta uso kwa pindo la kitenge. Akageuka, na Irambona akajua anakwenda kwenye magari ya kurudi Nemba. Lakini hakwenda huko. Alimsogelea kijana wa uhamiaji aliyekuwa anayapungia malori mkono, akamgusa bega, na sauti yake, ile ambayo miaka yote ilikuwa ya ndani ya nyumba, ikasikika mpaka kizuizini:

"Mwanangu, hebu nionyeshe. Hicho kibali cha kuvukia kinatolewa dirisha lipi?"